Tope Linaishia Wapi

Watu wa Mrindi waliacha kubishana kuhusu mgodi mwanzoni mwa kiangazi, na kila mtu alidhani ni heri. Kijiji hicho cha milima ya Upare hakikuwa na sifa ya kunyamaza. Walikuwa watu wa kubishania mbuzi aliyekufa kwamba amekufa kwa nini, na mvua ya jana kwamba ilikuwa mvua kweli au manyunyu. Lakini jambo kubwa kuliko yote yaliyowahi kuwafikia, la kampuni kutaka kuchimba madini adimu kwenye mlima wa pili na kulaza tope lake bondeni kwao, walilipokea kimya, kwa adabu, utadhani wametoka kanisani. Walikuwa wameshavaa miwani.

Kabla watu hawajaupigia mgodi kura, sheria ilitaka kila mmoja aione kesho yake, basi kibanda cha miwani kilisimamishwa ukingoni mwa bonde, cheupe, hakina dirisha ila upande wa bondeni. Mtu aliingia peke yake, akakaa, akavaa, akalitazama bonde lilelile alilozaliwa akalikuta, ila sasa miaka arobaini mbele. Akimaliza alitokea mlango wa nyuma ili asipishane na anayeingia. Sheria haikumkataza kusimulia alichokiona. Ila waliobuni kitu hiki walijua kwamba mtu akishaona jambo zito akiwa peke yake huona haya kulitia mdomoni, na kwa hilo walikuwa sahihi, nasema hivyo kwa kuudhika.

Aliyewavalisha alikuwa Nakijwa, binti wa Mzee Elinazi, mzaliwa wa hapohapo aliyeondoka kwenda kusomea usanifu wa picha na kurudi akiwa mtumishi wa Idara ya Taswira. Kijiji kilimpa jina la fundi macho. Mbele yake walilitamka kwa heshima. Nyuma yake walilitamka vilevile, lakini kwa sauti nyingine.

Ufundi wenyewe ulikuwa hivi. Kabla ya kuonyesha bonde, miwani ilimsoma mtu kwanza. Ilimpitishia vipicha vidogo: maji yakipanda ngazi, shamba lililoota magugu, lori, kaburi, mtoto akicheka. Ikapima mboni zinavyotanuka na moyo unavyokwenda. Matokeo yalimjia Nakijwa aliyekaa nyuma ya pazia, naye akatunga: msimu gani, saa ngapi ya mchana, ukungu uwepo au usiwepo, tope liwe na rangi gani na lifike wapi. Lengo lilikuwa moja, na lilikuwemo ndani ya sheria yenyewe, kwamba raia aione kesho yake pasipo kupandwa na hofu wala hasira. Mtu akitulia, taa ya samawati iliwaka, na hapo ndipo picha yake ilipohesabiwa kuwa imekamilika.

Na picha zote zilikuwa za kweli. Hilo Nakijwa angeliapia mbele ya yeyote. Hakuna mtu duniani aliyejua tope lingefika wapi baada ya miaka arobaini. Ilitegemea mvua, ilitegemea uimara wa ukuta wa kulizuia, ilitegemea kama kampuni ingeshika maneno yake wakubwa wa leo wakishastaafu. Kwa hiyo hesabu ilitoa ukanda. Likiwa dogo kabisa, tope lingejaza bonde kuanzia chini na kukomea kwenye Jiwe la Ng'ombe, mbali na mashamba. Likiwa kubwa kabisa, lingepanda mpaka kwenye ukuta wa ndiva, bwawa walilojenga mababu kukusanya maji ya kijito na kuyagawa kwa mifereji, na mashamba yote ya tangawizi yangezikwa chini yake. Popote katikati ya hapo palikuwa pa kweli. Fundi alikuwa huru kuchagua pale panapomtuliza mtu.

Usimcheke aliyetunga sheria hii. Kabla yake watu waliuana kwa ajili ya mabango. Kulikuwa na mji mmoja wa machimbo. Upande huu walibandika fuvu jekundu juu ya ardhi nyeusi, upande ule wakabandika mtoto mwenye meno meupe katikati ya majani mabichi, na haukubaki ukuta usio na fuvu au mtoto. Baada ya muda hakuna aliyekuwa akiutazama mgodi wenyewe. Walitazamana fulana, nani kavaa fuvu na nani kavaa mtoto. Siku soko lilipochomwa, mama yake Nakijwa alikuwa humo, amekwenda kuuza vitenge. Nakijwa alilelewa na shangazi yake Namkunda, na alipokua alichagua kazi hii akiamini kwa moyo wake wote kwamba picha ikiwa laini haitaua mtu.

* * *

Baba yake alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuingia kibandani. Alivua kofia, akakaa wima, na moyo wake ulikuwa unakwenda mbio hata kabla hajaonyeshwa kitu. Mashine ilisema anaogopa maji ya rangi nzito, anaogopa jua la utosi, anatulizwa na ukungu. Nakijwa akamtungia asubuhi ya masika. Tope akalipa rangi ya maji ya mbali, akalikomesha kwenye Jiwe la Ng'ombe, na huku juu akaacha tangawizi imesimama na umande wake. Taa ya samawati iliwaka upesi. Mzee Elinazi alitoka akitabasamu.

"Kumbe si kitu kikubwa," alisema, akaenda zake kunywa chai.

Shangazi Namkunda aliingia siku iliyofuata, naye alimsumbua fundi. Kila picha nzuri ilimpandisha moyo. Ukungu ulimtia wasiwasi, majani mabichi yakamtia wasiwasi zaidi. Kuna watu wa namna hiyo: ukiwabembeleza hawalali, ukiwaambia baya lote wanakoroma. Nakijwa alimjua shangazi yake na hakushangaa. Akamtungia adhuhuri ya kiangazi, tope la kijivu limekauka na kupasukapasuka, limepanda mpaka limeegemea ukuta wa ndiva. Moyo wa Namkunda ukashuka taratibu. Taa ikawaka.

Alipotoka alikaza kanga yake kiunoni. "Basi," alisema. "Nimeona. Sasa najua la kufanya na siku zangu."

Wote wawili wangepiga kura ya ndiyo. Kaka angesema ndiyo kwa kuwa hasara ni ndogo. Dada angesema ndiyo kwa kuwa ameshaililia na kumaliza. Nakijwa alikuwa ameliona jambo hili katika vijiji vingine, kwamba mtu aliyetulia husema ndiyo, hata akiwa ametulizwa kwa njia gani. Aliliona, akaliweka pembeni, kama mtu anavyoweka pembeni barua ya hospitali.

Yeye mwenyewe hakuwahi kuona kesho yoyote. Miwani ya fundi haikuonyesha picha. Ilionyesha mistari na namba tu, ili jicho lake lisipendelee. Mchana kutwa alitunga mabonde ya watu, na jioni alipotembea kurudi nyumbani kwa baba yake watu wale wale waliinamisha macho. Mtu aliyekuona unaogopa humwaliki chai. Alikuwa anajua nani anaogopa kaburi la mtoto wake lisizame na nani anaogopa kwamba halitazama. Alijua siri za kijiji kizima na hakuwa na mtu hata mmoja wa kupiga naye soga. Upweke ule ulimkaa kifuani, na alikuwa ameshauzoea kiasi cha kuuona ni sehemu ya mshahara.

* * *

Ugomvi ulianza Jumamosi baada ya ibada ya Sabato, barazani kwa Mzee Elinazi. Alikuwepo yeye, dada yake, na Nakijwa aliyekuwa akimimina chai.

"Mimi sioni sababu ya kuukataa mgodi," Mzee Elinazi alisema. "Tope lenyewe halipiti hata Jiwe la Ng'ombe."

Shangazi Namkunda alishusha kikombe. "Jiwe gani?"

"La Ng'ombe. Kuna jingine?"

"Kaka, tope linafika ndiva. Nimeliona limeegemea ukuta. Shamba lako halipo, langu halipo. Wewe umeona wapi?"

"Ulipoona wewe. Kibanda si kimoja?" Mzee alicheka kidogo. "Namkunda, uzee huo. Maji yametulia kule chini kabisa, na huku juu tangawizi imestawi ajabu."

"Wamekupa nini?"

"Akina nani?"

"Hao wa mgodi. Mtu mzima hasemi uongo mkubwa hivyo bure."

Kicheko cha Mzee Elinazi kilikatika. "Ala! Sasa nimeelewa. Unataka watu watishike, wayaache mashamba. Tangu marehemu shemeji afariki umelitolea macho lile langu la mferejini."

Walikuwa wameishi nyua mbili zinazopakana maisha yao yote, wamezika wazazi pamoja, na Nakijwa hakuwahi kusikia neno la namna hiyo kati yao. Kisha wote wawili wakamgeukia.

"Nakijwa, mwanangu, wewe ndiye mwenye miwani," alisema shangazi. "Mwambie baba yako tope linafika wapi."

"Mwambie shangazi yako," alisema baba.

Fundi haruhusiwi kusema mtu mwingine ameona nini. Hicho ndicho kiapo cha kwanza na cha mwisho. Anayekivunja hufukuzwa kazi na kushtakiwa, kwa sababu siku watu watakapojua kwamba jirani ameonyeshwa jingine, utulivu wote umekwisha. Nakijwa alishika birika kwa mikono miwili.

"Siruhusiwi kusema," alijibu.

Hilo lilitosha kuharibu kila kitu. Baba alidhani anamstahi shangazi yake kwa uongo wake. Shangazi alidhani anamstahi baba yake. Namkunda aliinuka, akaacha chai yake ikiwa nusu, akapita kwenye mwanya wa ua uliokuwa njia yao ya miaka yote. Kesho yake mwanya ule ulikuwa umezibwa kwa miiba. Haikujulikana ni nani aliyeuziba, maana kila mmoja alikuwa na sababu.

Nao hawakuwa peke yao. Nyumba kwa nyumba, pale mtu alipojisahau akataja alichokiona, jirani alimtazama mara mbili kisha akanyamaza. Kimya cha Mrindi kilichowafurahisha wakubwa wa Idara hakikuwa tena cha watu waliotulia. Kilikuwa cha watu ambao kila mmoja ameamua kwamba wenzake ni waongo.

* * *

Maji ya ndiva yaligawiwa kwa zamu, na zamu ya nyumba hizi mbili ilikuwa moja. Mmoja husimama kwenye tundu la bwawa kulifungua na kulifunga, mwenzake huufuata mfereji kwa jembe akiuelekeza shambani, na wakati ukifika hupiga ukelele ili tundu lizibwe. Ni kazi ya watu wawili wanaosikilizana. Zamu ilipofika, Mzee Elinazi alifungua tundu. Namkunda alikuwa chini shambani kwake. Maji yalipomtosha hakupiga ukelele, kwa kuwa hakutaka kumwita mtu asiyemwita dada. Naye mzee hakuziba, kwa kuwa hakusikia ukelele, na hakutaka kwenda kumchungulia.

Mfereji ulipasuka. Nakijwa alipofika alikuta matuta ya shangazi yake yamekatwa katikati, na tangawizi changa inaelea kwenye maji ya udongo. Namkunda alikuwa ameinama anaiokota moja moja na kuitia kwenye kanga. Kaka yake alisimama juu ya ukingo akitazama, mikono imening'inia.

"Shangazi, ngoja nikusaidie," Nakijwa alisema.

"Nenda kazini kwako, mwanangu. Utachafuka."

Hakwenda kazini. Alipanda hadi kibandani, akafunga mlango, akamwita kwa miwani yake mkubwa wake, Bi. Rukaya, aliyekuwa makao makuu Dodoma. Sauti yake ilikuwa ya mama anayesikiliza vizuri, jambo lililofanya kugombana naye kuwe kugumu.

"Nataka ruhusa ya picha moja," Nakijwa alisema. "Kijiji kizima kione picha moja."

"Sawa. Ipi?"

Nakijwa aligeukia dirisha la bondeni.

"Ya baba yako au ya shangazi yako?" Bi. Rukaya aliuliza bila ukali. "Ukiwapa ya ukungu, umewapigia kura ya ndiyo. Ukiwapa ya adhuhuri na nyufa, wale wasiozoea watakimbilia mapanga. Ukiweka katikati, katikati hiyo umeichagua wewe, si hesabu. Utaipa rangi gani? Utaiwekea saa ngapi? Fundi anayetunga picha moja kwa watu wote ametawala, Nakijwa. Tulikwishaona walivyotawala wale wa mabango. Wewe unajua kuliko mimi."

"Hawasemezani tena, mama. Ndugu wa tumbo moja."

"Watapatana kura ikishapita. Wahenga walisema ndugu wakigombana shika jembe ukalime. Wakipatana shika kikapu ukavune. Wewe lima, binti yangu."

Yalikuwa maneno ya busara. Nakijwa alikaa kwenye kiti cha wageni, kile wanachokalia watu, akalitazama bonde kwa macho yake matupu. Lilikuwa bonde la leo tu: matuta, migomba, moshi wa jiko la mtu, Jiwe la Ng'ombe kule chini na mbuzi wawili juu yake. Akajaribu kuliona tope. Hakuliona. Alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni, kwa kuwa alikuwa ametengeneza kesho za watu wengi hivyo na hakuachiwa hata moja ya kuiogopa pamoja nao.

Kisha akatazama mzigo wa vigingi vilivyosalia kibanda kiliposimamishwa, akawa anawaza. Picha moja ya watu wote hakuwa na haki ya kuitunga. Midomo ya watu ilikuwa imefungwa kwa haya. Lakini mikono yao ilikuwa huru.

* * *

Mbiu ya msaragambo ilipigwa wiki ileile ya kura. Msaragambo ni kazi ya kijiji, na nyumba isiyotoa mtu hutozwa faini na, lililo baya zaidi, hutajwa. Safari hii ilikuwa ni kuzoa mchanga uliojaa ndani ya ndiva. Watu wote walikuja na majembe na karai, na walifanya kazi kimya kimya, kila mmoja kwenye kipande chake. Wanawake wa zamu ya chakula walikuwa pembeni na vyungu vya makande.

Nakijwa alifika na mzigo wa vigingi begani. Miwani ya fundi ilikuwa usoni kwake, kama kanuni ilivyotaka katika mikusanyiko. Alimsalimu mwenyekiti wa kijiji, Bwana Tumsifu, mtu mnene mwenye subira, akaomba neno.

"Shikamooni wakubwa," alisema. "Sitaki mtu aniambie alichokiona kwenye miwani. Naomba kitu kimoja tu. Kila mmoja achukue kigingi, ashuke bondeni, akisimike pale tope lilipoishia. Basi."

"Kwa nini?" Bwana Tumsifu aliuliza.

"Mtaona wenyewe."

Walitazamana. Lilikuwa jambo jepesi, na wengi walilifurahia kwa sababu moja: kila mtu alitaka kumwonyesha jirani yake mwongo mahali halisi. Wakachukua vigingi, wakashuka pamoja kwa njia moja, kundi zima, majembe mabegani kwa ajili ya kugongea.

Hawakufika mbali wakaanza kuachana. Watu wawili watatu walisimama pale pale chini ya ukuta wa ndiva na kuanza kugonga, na waliokuwa nyuma yao wakawapita wakiwashangaa. Hatua kadhaa chini wengine wakakata kushoto. Mume akasimama, mkewe akaendelea. "We, unakwenda wapi?" mume aliita, na mke akajibu, "Wewe unasimama nini hapo?" Sauti za kugonga zikatapakaa mteremko mzima. Mzee Elinazi alishuka, akashuka, hadi akabaki peke yake kando ya Jiwe la Ng'ombe, akapiga kigingi chake kwa nguvu ya mtu anayemaliza ubishi. Alipoinua uso alimwona dada yake kule juu kabisa, ameegemea ukuta wa ndiva, na yeye kigingi chake kimesimama miguuni.

Mteremko mzima ulikuwa umejaa vigingi, hakuna sehemu ambapo havikuwepo.

Mzee Elinazi alipanda polepole. Alipita kigingi baada ya kigingi, na kando ya kila kimoja alisimama mtu aliyeduwaa. Alipomfikia Namkunda alikuwa anahema.

"Hapa?" aliuliza.

"Hapa."

Aliinama, akakitikisa kigingi. Kilikuwa kimeshika. "Kumbe uliona kweli."

"Si nilikwambia? Nami nimekuona ukisimika chako. Mtu hasimiki uongo kwa nguvu namna ile."

Mzee alipangusa jasho, au alijifanya anapangusa jasho. "Ile tangawizi," alianza, na dada yake akampiga begani kwa kiganja ili asimalize. Nakijwa aliyekuwa amesimama karibu alihisi kifua kikilegea kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile. Alisogea hatua moja kwao.

Shangazi Namkunda akageuka.

"Wewe ulijua," alisema.

"Shangazi..."

"Tulipotukanana pale barazani, wewe umeshika birika, ulijua kwamba sote wawili tunasema kweli."

"Nilijua."

"Na nilipokuwa naokota tangawizi kwenye matope. Ulijua?"

"Nilijua, Shangazi. Nilikula kiapo. Na nilitaka mtulie. Sikutaka watu wafe tena kama Mama."

"Mama yako usimlete hapa," alisema Namkunda, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Mama yako alikuwa mbishi kuliko sisi wote. Asingekaa kimya hata kwa kulipwa. Sisi tulikupa macho yetu tukijua wewe ni mtoto wetu."

Baba yake alikuwa anamtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka amewahi kumwona wapi.

Watu walishapanda wote, wamemzunguka. Bwana Tumsifu aliinua mkono. "Fundi macho, kigingi cha kweli ni kipi?"

"Hakuna," Nakijwa alisema. "Au ni vyote. Kuanzia kule jiweni mpaka huku ukutani, hakuna ajuaye. Hesabu haijui, kampuni haijui. Mimi nilimpa kila mtu pale ambapo moyo wake ungekubali."

Sikioni mwake Bi. Rukaya alisema, "Nakijwa, umefanya nini?" kisha namba na mistari vikazimika machoni pake. Walikuwa wamemfungia. Alivua miwani na kuishika mkononi, haina kazi.

Kijiji kikalipuka. Kijana mmoja aliinua jembe na kuapa kwamba atakibomoa kibanda, na Nakijwa akafumba macho, akasubiri moshi. Lakini mwanamke mmoja mfupi, Nanetwa, alikuwa ameshamdaka kijana yule mkono. "Ukibomoa kibanda utakuwa umejibu nini?" alimkemea. "Mimi hata likifika hapa ukutani, mgodi nautaka. Wanangu wanaosha magari ya watu mjini. Nimesema!" Mtu akamjibu kwamba wanawe wangeosha magari hata mgodini. Mwingine akauliza tangawizi ya nani itazikwa, ya Nanetwa ambaye hana hata tuta? Nanetwa akamtaja babu yake mwenyewe aliyeuza shamba lao kwa pombe, akamtaja na aliyelinunua. Wakapiga mayowe. Mtu akacheka. Mzee Elinazi akapaza sauti kwamba kabla ya kura yoyote kijiji kichague kigingi kimoja, waseme tope likivuka hapo mgodi ufungwe, na kampuni ikubali hilo mbele ya watu au iondoke. Dada yake akasema kigingi hicho kiwe chini ya shamba la mwisho, wala si juu. Wakaanza kubishana wao kwa wao, bega kwa bega.

Nakijwa alifungua mdomo. Alijua mambo mengi yenye faida: alijua ukuta wa kuzuia tope hudhoofika wapi, alijua kampuni itatafuta njia gani ya kukwepa.

"Hapana," Bwana Tumsifu alimwambia, kwa upole. "Fundi macho atupishe. Aliyeikosea kazi ya kijiji hukaa nje yake mpaka kijiji kiseme. Hiyo si sheria yangu."

Alimtazama baba yake, kisha shangazi yake. Hawakupinga. Alivuka mfereji, akaenda kukaa ng'ambo ya ndiva juu ya udongo mbichi, mahali alipoweza kusikia sauti bila kutofautisha maneno. Zilikuwa sauti nyingi, za hasira na za mzaha, zikipandana na kukatana, na ilikuwa miezi tangu Mrindi isikike hivyo. Alitaka sana kuwa ndani yake. Alitaka japo mtu mmoja amtukane.

Jua lilipofika utosini wanawake walipakua makande. Watu wa msaragambo hula kwenye masinia, watano, sita, mkono kwa mkono, na siku ile walikula wakiendelea kubishana, wakielekezana vigingi kwa vidole vyenye mchuzi. Shangazi Namkunda aliinuka katikati yao. Nakijwa alimwona akivuka mfereji, ameshika kitu kwa mikono miwili, na moyo wake ukaruka.

Ilikuwa sahani ya mtu mmoja. Namkunda aliiweka juu ya udongo, akaigeuza ili kijiko kiwe upande wa mkono wa kulia wa mwanawe, akamtazama usoni muda mrefu.

"Kula, mwanangu," alisema. "Yasije yakapoa."

Kisha akarudi kwenye sinia.